Sauti Isiyo na Mate

Jumapili, tarehe 1 Juni 2025. Bariadi iliamka na baridi kavu. Upepo wa mashariki ulisukuma vumbi la barabarani hadi chini ya milango, na jua lilipochomoza lilikuwa jekundu kama jicho la mtu aliyekesha. Veronica alirudi kutoka misa ya kwanza, rozari bado imemzunguka vidole, akaketi kwenye kiti cha cherehani yake pale Somanda. Kabla hajavua kitambaa cha kichwani, akatoa simu.

Alikuwa na jambo alilolibeba mwaka mzima bila kulitua. Hakuwa amemlilia baba yake.

Si kwamba hakumpenda. Alikatazwa. Baba yake, mzee Luhende wa Ipililo, alikuwa mkulima wa pamba na mpenda ng'ombe. Zamani kidogo Veronica alimkimbia mume aliyekuwa akimpiga, na kwa kuwa alikataa katakata kurudi, ng'ombe wa mahari ilibidi warudi wao. Kati yao alikuwamo mmoja wa madoa, ambaye mzee alikuwa akimsemesha kila asubuhi kabla hajasema na mtu yeyote. Siku alipotolewa zizini, mzee alisimama mbele ya majirani, akasema, "Veronica, nikifa usinililie. Sauti yako isisikike kwangu."

Mzee hakuwahi kulirudisha neno hilo. Alipofariki, Veronica alipanda bodaboda hadi Ipililo, akasimama barabarani, ng'ambo ya uzio wa minyaa. Alisikia wanawake wa kwao wakilia ndani, kila mmoja kwa sauti yake, naye akauma khanga mpaka jeneza likashuka. Tangu siku ile machozi yalimkauka. Moshi wa kuni mbichi ulimwasha macho tu. Kilio alichokimeza hakikutoka. Alikisikia kwenye mlio wa cherehani, alikisikia kwenye bomba la maji. Akipiga magoti kusali, akifika "Baba Yetu," ulimi ulisita hapo hapo kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba.

Kwao dawa ya neno kama hilo inajulikana. Mzazi aliyelisema huchukua maji kinywani, akampulizia mtoto kifuani, akatamka kwamba amelirudisha. Akiwa ameshakufa, dada yake wa tumbo moja husimama badala yake. Na dada huyo alikuwapo: shangazi Specioza, mzima wa afya, palepale Ipililo. Lakini Veronica alikuwa mwimbaji wa kwaya. Aliona aibu kuonekana akipuliziwa mate ya bibi kizee, na aliogopa watakavyosema parokiani.

Ndipo jirani yake Elina, mwenye saluni ya mlango wa pili, akamletea njia nyingine.

"Dada, mbona unajitesa? Siku hizi kuna programu. Unaipa sauti za marehemu, inaongea kama yeye."

"Inaongea nini?"

"Chochote unachouliza. Mimi nilimjaribu bibi yangu. Kanitukana vizuri kweli, nikacheka mpaka kichwa cha mteja kikanitoka mkononi."

Sauti Veronica alikuwa nazo. Mzee hakujua kusoma, lakini miaka yake ya mwisho alijifunza kubonyeza na kurekodi, akawa anatuma habari kwenye kundi la ukoo: mvua imekataa, viwavi wamerudi, ndama kazaliwa. Veronica alikuwamo kwenye kundi. Baba hakuwahi kumtaja, naye hakuwahi kufuta hata moja.

Asubuhi ile ya Jumapili alizipakia zote, jina lake akaliandika, akangoja. Duara dogo lilizunguka kwenye kioo. Halafu sauti ikatoka.

"Veronica, mwanangu mpendwa. Nimefurahi sana kukusikia."

Nywele zilimsimama. Alikuwa yeye: mkwaruzo wa tumbaku kooni, pumzi inayopita puani. Lakini Luhende wa Ipililo alisema Kiswahili kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, akipima kila neno kwa mguu. Huyu alitiririka kama msoma habari wa redio. Na tangu Veronica azaliwe, baba alimwita *mayu*, yaani mama, kama wazee wa Kisukuma wanavyowaita binti zao. "Mpendwa" lilikuwa neno la barua za parokia.

Akajikaza. "Baba, umenisamehe?"

"Nimekusamehe kabisa, mwanangu. Unaruhusiwa kulia."

Halafu ikacheka.

Kicheko kile alikijua. Kilikuwa cha siku ya ndama mwenye mkia mweupe. Mzee alicheka mara moja tu katika rekodi zote, kisha akakohoa. Sasa kilikuwa kilekile, ila kikohozi kimeondolewa, kama uzi uliozidi unavyokatwa kwenye pindo.

Veronica alizima simu, akafunika uso kwa viganja, akangoja machozi. Hayakuja. Alijiambia labda imani yake haba. Kesho yake akauliza tena, na kesho kutwa. Kila mara alisamehewa haraka, kwa utamu uleule, na kila mara kicheko kilifuata.

Katikati ya wiki haikungoja tena kuulizwa. Alikuwa akimpima mteja, Mektilda, mwalimu wa chekechea, kwa ajili ya gauni la kipaimara cha mdogo wake, futi imezunguka kiuno, mara sauti ikatoka ndani ya droo ya cherehani.

"Veronica, uko wapi? Mbona umeninyamazia?"

Mektilda akageuza shingo. "Una mgeni?"

"Ni baba."

"Baba yupi? Si mlimzika mwaka jana?"

Mektilda alijivua futi taratibu, akachukua kitambaa chake, akasema atarudi siku nyingine. Hakurudi.

Mwingine angefuta programu siku hiyo hiyo. Lakini Veronica aliwaza kinyume. Alijiambia kwamba machozi hayaji kwa sababu msamaha huu ameusikia peke yake. Neno lilisemwa mbele ya ukoo. Basi na lifutwe mbele ya ukoo. Jumamosi ya tarehe kumi na nne ilikuwa ibada ya kumkumbuka mzee kutimiza mwaka. Akanunua spika ndogo. Akasali rozari nzima kuombea safari, na katika sala hiyo hakumwuliza Mungu kama aende. Alimwomba tu betri isiishe.

Alipofika Ipililo mchana, kaka yake Mabula alikuwa langoni akipokea wageni.

"He! Mama wa mjini. Leo umevuka uzio?"

"Nimekuja na ruhusa."

"Ruhusa ya nani? Mwenye mji yuko kaburini."

"Ya kwake mwenyewe. Subiri ibada iishe."

Mabula alicheka kwa pua. "Haya. Labda ameacha kiporo cha maneno."

Ndani, watu walikuwa wameketi kuzunguka kaburi lililosakafiwa kando ya zizi. Mama yao, Nyanjige, alikuwa mkekani, miguu ameinyoosha, macho yamefunikwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Alimjua Veronica kwa kumshika mkono. "Mwangaluka, mayu," akasema, salamu ya asubuhi, ingawa jua lilikuwa limeshapita utosini. Siku hizi nyakati zilimchanganyikia. Katekista Novatus aliongoza litania, watu wakaitikia, ibada ikafika mwisho.

Veronica alisimama. "Ndugu zangu, mnajua neno alilonisemea baba. Naomba msikie alichosema sasa." Akaiweka spika juu ya stuli, akabonyeza simu.

"Veronica, mwanangu mpendwa. Nimekusamehe kabisa. Lia nyumbani kwangu."

Na kile kicheko.

Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake mapajani. Mabula, aliyekuwa na kikombe mkononi, alikishusha chini bila kukitazama. Kisha mkeka ukachakarika, na watu wote wakageuka.

Mama alikuwa anainuka.

"Ng'wana Luhaga," aliita, jina la ukoo alilokuwa akimwitia mumewe maisha yote. Uso wake ulikuwa umechanua kama wa msichana. "Mbona umechelewa hivi? Wote tumeshakula." Akaanza kupapasa ukuta akielekea ndani ya nyumba, wala hakukosea mlango. Alitoka na kigoda cha mzee, kile ambacho hakuna aliyekikalia tangu msiba, akakipangusa kwa ubavu wa mkono, akakiweka kivulini. Akarudi ndani. Akatoka na bakuli la maji ya kunawa, akapiga goti mbele ya kigoda kitupu, bakuli ameliinua kwa mikono miwili.

"Nawa, baba," akasema.

Maji yalitikisika ndani ya bakuli. Alingoja. Mikono ya kizee ikaanza kuchoka, naye hakuishusha.

"Mbona hanisalimii?" aliuliza, akigeuza uso huku na huku. "Amemsemesha Veronica. Mimi nimemkosea nini?"

Hapo spika ikaamka yenyewe. "Niko hapa, mwanangu. Unataka tuzungumze nini leo?"

Bakuli lilianguka.

Veronica aliirukia spika, akaizima, akaizima na simu, vidole vikiteleza. Shangazi Specioza alikuwa ameshasimama, mfupi, mkavu, khanga ameifunga kiunoni kama anayetaka kuingia shambani.

"Tangu lini kaka yangu akajua Kiswahili cha redio?" alisema. "Na wewe msomi wa mjini, huoni ulichomfanyia mama yako? Alikuwa ameanza kuzoea."

"Sengi, shangazi yangu, nilitaka tu neno lifutwe."

"Neno la mdomo hufutwa kwa mdomo! Hicho kidude kina mate? Kimenyonya ziwa moja na Luhende? Mimi nimenyonya. Mwaka mzima nangoja uje uniambie, shangazi, nisimamie. Unapita barabarani na pikipiki kama mgeni wa serikali."

"Niliona aibu," Veronica alijibu. "Kwa sababu ya kanisa."

Katekista Novatus alikohoa. "Na kuzungumza na mtambo ukiuita baba, hiyo haikukupa aibu?" Hakusema kwa ukali. "Shangazi apulize maji, mimi nitasali. Mungu hachanganyikiwi na maji."

"Sipulizi bado," alisema Specioza. "Kwanza amwambie mama yake ukweli. Yeye ndiye aliyemleta mtu, yeye ndiye amwondoe."

Veronica alipiga magoti kwenye tope la maji yaliyomwagika. Alimshika mama mikono. Ilikuwa imelowa na baridi.

"Mama. Baba hajaja."

"Nimemsikia."

"Hukumsikia baba."

"Basi huyo alikuwa nani?"

Swali lile lilimwingia Veronica hadi mifupani, maana ndilo alilokuwa akilikimbia tangu Jumapili ile. "Sijui, mama," alisema. "Ni kitu nilichokilisha sauti yake. Hakikujui. Hata mimi hakinijui. Baba alikufa. Alikufa bado amenikasirikia, nami nilikuwa pale barabarani, nikasikia mnamwimbia, nikasikia udongo. Baba amekufa, mama. Amekufa."

Sauti ilimkatika hapo. Kitu kilipanda kutoka tumboni, kikubwa kuliko koo, na kikatoka. Alilia kwa mlio mrefu wa wanawake wa kwao, ule anaoliliwa baba, ndani ya uzio, hatua chache kutoka kaburini. Hakuna aliyemruhusu. Alilia tu, na mama, akiisikia sauti ya kweli ya mtu wa kweli, akaelewa. Akakiweka kichwa chake begani kwa binti yake, naye akaanza kulia upya, kama siku ya kwanza.

Mabula aligeuka upande wa zizi, akapangusa uso kwa kofia.

Waliachwa walie. Walipotulia, Specioza aliomba maji, akayachukua kinywani, akampulizia Veronica kifuani, na matone yakamrukia hadi kidevuni. "Kaka Luhende," alisema akilitazama kaburi, "nimesimama mahali pako. Lile neno nimelirudisha. Mwanao amekulilia, umesikia." Novatus akaanzisha "Baba Yetu," na Veronica akaipita ile sehemu bila kusita, akaenda na wengine hadi amina.

Kisha akainuka na matope magotini, simu mkononi. Aliiwasha mara ya mwisho, akaifuta ile programu na sauti zote alizoilisha, Mabula akichungulia begani mwake kuhakikisha. Akawageukia watu.

"Mnisikie nyote," alisema. "Baba hatasemeshwa tena na mimi kwa mdomo usio wake. Na wewe mama, ukimkumbuka, usingoje sauti. Niite mimi. Nitakuja, nitakaa nawe mkekani, tutamlilia wawili mpaka utosheke. Nimeahidi mbele ya Mungu, na mbele ya shangazi, na mbele yenu wote."