Herufi za Ruguru

Saa nne asubuhi, Ruguru akianika nguo nyumbani kwake Githongo, herufi za kadi ya harusi ziliingia langoni kwa miguu. Zilikuwa zake. Alizijua kwa vijiguu vyao vilivyochongoka na mikia iliyojikunja kama mche wa maharagwe ukitafuta mti, ule mtindo wa kizamani alioubuni mwenyewe kwa brashi, miaka ishirini akiandika majina ya bucha na makanisa toka Majengo hadi Mikinduri. Kuku walidonoa nukta moja, akawafukuza.

Alasiri bibi harusi alizifuata na beseni. Kadi yake ilikuwa nyeupe pe.

"Pole kwa usumbufu, Mama Kagure," alimwambia Ruguru.

Ruguru akazipanga upya kwenye kadi, moja moja. Kosa halikuwa la huyu binti. Akamuuliza tu kadi ilichapwa wapi.

"Kwa Mutegi. Anasema ni maandishi yake mapya, ya kompyuta."

Mutegi! Mtu waliyekodi naye duka moja, yeye rangi, Mutegi mashine. Mwezi Machi alikuwa amemwomba amchoree alfabeti nzima kwenye plaiwudi, ukumbusho wa urafiki wao. Ruguru alichora wiki tatu, hata ile Q ambayo hakuna bucha iliyowahi kuihitaji. Kumbe jamaa alizipiga picha, akaziingiza kwenye kompyuta, akaziita Mutegi Asilia. Sasa zilikuwa kwenye lebo za asali na pakiti za kahawa.

Alimwendea.

"Sema tu ni zangu, Mutegi. Sitaki kingine."

"Ai, Mama Kagure. Wewe ulichora tu. Mimi ndio nimetengeneza."

Hakuinuka hata kitini. Ilimuuma Ruguru vibaya. Mgeni angemwibia angesahau, lakini huyu alikuwa amekula githeri yake miaka yote hiyo.

Ijumaa, maandishi yalizinduliwa katika hoteli moja mjini Meru. Ruguru alikaa nyuma kabisa, akisubiri atajwe. Mfawidhi wa sherehe alipomwita Mutegi mbele, herufi za bango, MBUNIFU: MUTEGI, zilishuka ukutani, zikapita katikati ya viti, zikampanda Ruguru mapajani. Wageni walivuta miguu zipite.

"Jameni, tuheshimu programu," mfawidhi alisema.

Mutegi alizichukua, akazibandika. Zikaanguka. Akazibandika tena, zikaanguka tena. Mara ya tatu zilishika, lakini zimepinda.

"Mama Kagure, usiniaibishe mbele ya watu," alinong'ona.

Chai ilikuwa inapoa. Lililomshinda Ruguru si maneno ya Mutegi, ni lile jina kupinda ukutani. Tangu aanze kazi hakuwahi kuondoka akaacha jina limepinda. Alipanda kiti, akalinyoosha. Herufi zilimtii zote, isipokuwa I ya mwisho, iliyokuwa ikiteleza kila akiiachilia.

Basi akaishikilia kwa kidole. Mutegi alimshukuru Mungu, mke wake, na waliopanga viti. Hotuba ilichukua dakika arobaini.