Mtani wa Bibi Marsiana

Nyumbani kwa Bibi Marsiana, pale Katindiuka, siku ilianza kwa kutukanana. Careen, mjukuu aliyelelewa hapo, alikua akidhani kila nyumba ina desturi hiyo. Bibi akishamaliza sala zake za Kifransisko, kile kimsalaba chake cha mti kikiwa kinaning'inia shingoni, sauti nzito ilipenya uani kutoka njiani, ikimwamkia na kumwita mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Mmeamka, au kambale wa jana wamewalaza?"

"Pita, Masanja," bibi alijibu huku akitwanga, bila hata kuinua kichwa. "Ila pita kule upepo unakoelekea. Tuna mgonjwa ndani, asije akafa kwa harufu ya zizi."

Mgonjwa hakuwapo. Alikuwapo Careen tu nyuma ya mlango, upindo wa kanga mdomoni, akijizuia kucheka. Alikuwa mtoto wa haya, wa kutoa shikamoo kwa wageni kwa kunong'ona. Hata alipokwenda chuo cha ualimu, kitu alichokikumbuka zaidi kilikuwa zile asubuhi: mlio wa mchi, harufu ya mpunga mpya, na watu wazima wawili wakichambana kama watoto wa shule.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Masanja alifika masika Careen akiwa darasa la pili, wakati wafugaji walipokuwa wakiondolewa bondeni. Alikuja na mkewe Kabula, ng'ombe wachache waliobaki, na sufuria moja. Watu hawakuwataka. Mpunga wa wengi ulikuwa umekanyagwa na mifugo, na mwenye hasira hachagui. Humchapa aliye karibu.

Bibi alikuwa Mfransisko Mlei, muumini asiye mtawa anayefuata njia ya Kifransisko. Udugu wao ulikuwa wa watu wachache, wakikutana kwa Mzee Tadei kule Lipangalala, na mkubwa wao hawakumwita mwenyekiti, walimwita mhudumu. Wakakubaliana kuwahudumia wahamiaji wale. Wakapeleka unga, blanketi, chandarua. Masanja alipokea kwa mikono miwili, macho yake ardhini. Asante, mayu. Asante, baba.

Bibi alirudi kutoka huko amenuna.

"Tunampa, anatazama chini. Tunampa tena, anatazama chini zaidi," alimwambia Careen wakipepeta mchele. "Huo nao ni udugu? Huko kwao Usukuma ana watani wake. Hapa hana hata mmoja. Mtu asiye na mtani, siku akifa nani atamcheka?"

Kesho yake alikwenda mikono mitupu, Careen akimfuata kwa nyuma.

"Leo sijakuletea kitu. Nimekuja kukutukana," alisema. "Wewe Masanja, ng'ombe wako wote wana majina mazuri. Mbwa naye ana jina. Mkeo unamwita 'wewe'. Ni adabu ya wapi hiyo?"

Masanja alisimama kama mti. Kabula ndiye aliyecheka, akacheka mpaka akakaa chini.

Siku zikapita, jibu halikuja. Careen aliogopa kwamba bibi ameharibu. Kisha asubuhi moja sauti ile nzito ikasikika nje ya ua, ikitetemeka kidogo. "Mayu, nimeuliza huko mtaani. Nimeambiwa ninyi Wandamba mmekula kambale hadi bibi zenu wameota masharubu. Nimekuja kuhakikisha."

Bibi aliweka mchi chini. Alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akamgeukia Careen na kusema taratibu, "Sasa mgeni wetu amefika."

Baada ya hapo maziwa yalikuja huku na mchele ulikwenda kule bila mtu kusema asante. Kabula alipofariki, bibi alivaa gauni la marehemu mbele ya waombolezaji, akaigiza alivyokuwa akikamua ng'ombe huku anasinzia, mpaka Masanja, katikati ya kilio chake, akaangua kicheko. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Hulia kwa kucheza.

Sasa bibi naye alikuwa amelala ndani ya jeneza, na Careen amekuja kutoka chuoni kumzika.

Msiba ulikuwa mikononi mwa Mjomba Beatus, mtoto wa kwanza wa bibi. Alikuwa ameondoka Katindiuka akiwa kijana kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, akarudi kwa nadra. Kuhusu wafugaji alijua jambo moja tu: kwamba mwaka mmoja aliporudi kuvuna mpunga wake, alikuta alama za kwato tu. Hakuwahi kujua ni ng'ombe wa nani.

Jeneza lilipotolewa mlangoni kuelekea kanisani, mtu mrefu aliyejifunga mgolole aliingia uani kwa kasi, akajilaza chali katikati ya njia, fimbo kifuani.

"Hatoki," alisema Masanja.

Vijana waliobeba jeneza walisita. Kilio kikakatika.

"Huyu ni nani?" Beatus aliuliza. "Amelewa?"

"Mayu alinitukana Jumapili. Sijamjibu bado. Hawezi kuondoka na neno la mwisho."

"Mwondoeni huyu mchunga ng'ombe. Mama yangu si wa kuchezewa."

Mzee Tadei akajikongoja mbele. "Beatus, mwanangu, huyu ni mtani wa mama yako. Sisi katika udugu wetu tunasema kwamba kila mgeni..."

"Mtani? Wasukuma na sisi tumetaniana lini, mzee? Wangoni nawajua. Wahehe nawajua. Huyu simjui." Beatus aliwageukia vijana. "Nimesema mwondoeni. Apelekwe nje ya ua, na makaburini asionekane."

Vijana wawili walimshika Masanja mikono. Hakuwapiga, hakuwasukuma. Alijikaza tu pale chini, na Careen akaona kidevu chake kikitetemeka. Akaelewa kwamba wakimtoa hapo, yule mzee atavuka ile njia akiwa mgeni tena, kama masika ile. Hakutakuwa na mtu wa kumchezea kilio bibi, na siku yake ikifika hatakuwa na wa kumchezea yeye.

Akatamani bibi ainuke aseme neno. Akatazama wanawake wenzake. Wote walitazama chini. Kueleza hakungesaidia, Mzee Tadei alikuwa ameeleza. Utani hauelezwi. Unajibiwa, na wa kujibu alikuwa amefungiwa ndani ya mbao.

Careen akawapita wanawake wale. Alijikuta amesimama karibu na kichwa cha Masanja, mkono mmoja kiunoni, kama bibi.

"Wewe Masanja," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akaisukuma. "Tangu Jumapili hujapata jibu? Ng'ombe wako wakichapwa hulia palepale. Wewe umekaa siku zote hizi unacheua."

Mtu mmoja kule nyuma alikohoa kicheko.

Masanja alifungua macho. "Nani anasema hapo juu? Si yule mtoto aliyekuwa akimkimbia jogoo?"

"Jogoo mwenyewe alikuwa wako. Alikuwa na uso kama wako, nani asingekimbia?"

Wanawake wakacheka, wengine huku wakipangusa machozi. Wale vijana waliachia mikono. Careen alikuwa analia waziwazi sasa, lakini hakuondoa mkono kiunoni.

"Alikuambia nini Jumapili?" aliuliza. "Sema, watu wasikie."

"Aliniambia mimi nikifika mbinguni, badala ya kumsalimu Petro, nitauliza josho la ng'ombe liko wapi."

Ua mzima ukacheka. Masanja akainuka, akaliendea jeneza, akaweka kiganja juu yake.

"Mayu," alisema, "tangulia wewe ukaniulizie."

Hapo kicheko kikageuka kilio, kilio kikubwa kuliko cha asubuhi yote. Beatus alisimama amekunja uso. Alimtazama Careen, ambaye hakuwahi kumsikia akisema maneno matano kwa mfululizo, kisha akamtazama yule mzee mrefu.

"Mama alikuwa anakutukana kila Jumapili?"

"Kila siku, baba. Jumapili alipumzika kidogo, akitoka misa."

Beatus alishusha pumzi. "Kwa desturi mtani halali njiani bure. Unataka nini utupishe?"

"Nimbebe, upande wa kichwa," alisema Masanja. "Begani."

Beatus aliliendea jeneza. Alimgonga mgongoni kijana aliyeshika upande wa kichwa, kulia, akamwambia ampishe mzee. Yeye mwenyewe akashika upande wa kushoto. Wakainua. Lakini Beatus alikuwa mfupi na Masanja alikuwa mrefu kama mnazi, jeneza likalalia upande mmoja, shada la maua likateleza.

"Kunja magoti, wewe twiga," Beatus alisema, sauti yake ikikwaruza. "Utanimwagia mama yangu."

Masanja akakunja magoti. Na hivyo ndivyo alivyotembea, akichechemea, magoti yamekunjwa, mpaka kanisani.