Upepo wa Kwendea

"Leo twende bandarini tukale samaki," Fenna alisema, na kabla binti yake hajauliza kwa nini bandarini, alikuwa ameshaikokota baiskeli yake kutoka bandani na kuielekeza kaskazini-mashariki.

Tineke alikuwa bado anapigana na mikanda iliyofunga baiskeli yake nyuma ya gari. Alikuwa ametoka mjini Assen asubuhi hiyo, na koti jipya la mvua, na uso wa mtu aliyekuja kumaliza jambo.

"Si ulisema tutakwenda kwenye kile kijiji cha kwaya yako?"

"Kanisa halikaangi samaki, mwanangu."

Ng'ambo ya barabara, jirani yao Sikko alikuwa juu ya trekta akirundika viazi vya sukari. Akazima injini. Akamtazama jogoo wa bati anayeonyesha upepo juu ya mnara wa kanisa, akamtazama Fenna, kisha akamrudia jogoo.

"Moi, Fenna!" akasalimu kama watu wa huku. "Leo unaanza nao mgongoni? Basi tutaonana kesho!"

"Shughulika na viazi vyako, Sikko."

"Anasema nini?" Tineke aliuliza.

"Mwache. Hata mkewe huwa hamwelewi."

Huku kwetu mtoto hufundishwa jambo hili kabla hajajua kufunga kamba za viatu: anza safari upepo ukikupiga usoni, ili urudi nao ukikusukuma. Asubuhi una nguvu, jioni huna. Ndiyo hesabu yote. Fenna aliijua kama anavyolijua jina lake. Lakini siku hiyo hakutaka busara. Alitaka kuonekana. Redio ilikuwa imesema upepo wa kusini-magharibi utatulia baada ya saa sita, naye akaiamini redio, kwa sababu mtu huamini kinachomfaa.

Hila yote ile ilikuwa kwa ajili ya nyumba. Menno, mumewe, alifariki mwezi wa pili, na hapo ndipo familia ilipokumbuka kwamba Fenna hajui kuendesha gari. "Ya nini, na mimi nipo?" Menno alikuwa akisema, na kweli alikuwapo, miaka yote, hadi siku ambayo hakuwapo. Basi la abiria halipiti tena kijijini hapa Ludewerd. Duka lilifungwa tangu Tineke yuko shule. Daktari, mkate, stempu, vyote viko kwa watu wengine. Kwa hiyo Tineke akatafuta fleti, karibu na kwake, akawa anaitaja kila alipopiga simu. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mwishowe Fenna akamwambia: njoo Jumamosi tuendeshe baiskeli, twende mbali na turudi. Nikishindwa, nahamia. Nisiposhindwa, neno fleti nisilisikie tena.

Na kuhusu zile baiskeli zenye mota ambazo wazee wenzake wote wanazo, hakutaka hata kuzijaribu. "Hilo ni gari linaloona haya," alisema.

Wakaondoka, na tuseme kweli, waliruka. Upepo uliwashika mgongoni na kuwapeleka. Mashamba yaliyolimwa upya yalipita, mifereji ikapita, kondoo wakainua vichwa na kuvishusha. Fenna, mwanamke wa miaka sabini na miwili, alikuwa mbele, mgongo wima, mkono mmoja mfukoni, akiongea njia nzima bila kuhema. Alihakikisha kwamba hilo la kutohema linaonekana.

"Unaiona njia ile ya matofali? Inapita uani kwa akina Bolhuis, kisha kuna daraja la mbao, kisha uko kanisani kwa kwaya. Hata wimbo mmoja huumalizi."

"Lakini baba alikuwa akikupeleka kwa gari."

"Akiuzunguka mfereji wote! Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Miaka yote nilidhani wale watu wanakaa mbali. Kumbe wako nyuma ya nyumba yangu."

Tineke alicheka, na Fenna akacheka, ingawa siku aliyoigundua njia ile hakucheka hata kidogo. Ilikuwa mwezi wa nne. Alikuwa ameitoa baiskeli bandani, akaipangusa vumbi, akatia mafuta mnyororo, na ndani ya wiki ile ya kwanza alipotea mara kadhaa katika nchi aliyozaliwa. Aibu iliyoje! Kwenye gari alikuwa amekaa mbele na Menno, au nyuma na watoto, akiona kilichokuwa kwenye kioo. Sasa alitakiwa ajue mwenyewe pa kukata kona. Hapo ndipo alipofika kwenye lile daraja la mbao, akashuka, akaishika nguzo yake iliyooza kidogo juu, na machozi yakamtoka.

Alilikumbuka. Kabla ya gari, kabla ya harusi, Menno alikuwa akipita juu yake kwa baiskeli kila Jumapili na Fenna nyuma. Hakuwa akisimama ili Fenna apande. Nani alisimama siku zile? Msichana alikimbia kando ya baiskeli, akarusha makalio kwenye keria, akakaa upande, na mvulana akayumba, akalaani, akanyoosha usukani. Fenna alikuwa akilishika sweta lake la sufu lililonuka kondoo na tumbaku, na mbao za daraja zilikuwa zikilia moja moja chini yao. Halafu likaja gari, kijiji kizima kikawapa hongera, na daraja lilikuwa jembamba mno kwa gari. Hakuna aliyeamua kuliacha. Liliachwa tu. Sikufichi, msomaji: Fenna alimpenda mumewe hadi mwisho, lakini kijana yule wa kwenye baiskeli alikuwa hajamwona kwa karibu miaka hamsini, na siku ile ya mwezi wa nne alimlilia kuliko alivyolia makaburini.

Haya hakumwambia Tineke. Alimwonyesha tu mti wa mapera ya kizungu usio na mwenyewe, na nyumba ambayo mwanamke wake huweka mayai mlangoni ya kuuza, na jiwe la mpaka ambalo bundi mdogo hukaa juu yake mchana kweupe kama karani. Bundi alikuwapo. Tineke akashika breki, akamtazama, naye akawatazama wote wawili kwa dharau.

"Sikuwahi kujua kuna bundi huku," Tineke alisema.

"Ulipita hapa kila siku ukienda sekondari."

"Nilipita ndani ya gari. Baba alinipeleka."

Bandarini walikula samaki wa kukaanga kwa vijiti vya plastiki, mchuzi wa vitunguu saumu ukiwachuruzika vidoleni. Mashavu ya Tineke yalikuwa mekundu. Alinyoosha miguu yake mbele ya benchi na kuipigapiga.

"Tazama hii. Watoto wangu husema mimi ni mtu wa kiti. Nikiwaambia nimefika hapa bila kusikia uchovu!" Akamgeukia mama yake. "Na wewe, mama. Nikiri tu. Nilidhani utashuka kwenye daraja la kwanza. Labda nilikosea."

Neno ambalo Fenna alikuwa akilingoja tangu masika ndilo hilo limetoka, nalo halikumshuka. Alikuwa akitazama bendera za mashua. Zilikuwa zimekakamaa kama zimepigwa pasi, na kamba zilikuwa zikigonga milingoti bila kupumzika. Saa sita ilikuwa imeshapita. Kitambaa cha karatasi cha Tineke kiliruka kutoka mapajani, kikavuka maegesho yote, kikaingia baharini.

"Twende," Fenna alisema.

Walipougeuzia uso, upepo uliwapokea kwa kofi. Barabara ile ile, mashamba yale yale, lakini sasa kila mzunguko wa kanyagio ulikuwa wa kugombaniwa. Mazungumzo yalikufa kwanza. Kisha mkono wa Fenna ukatoka mfukoni. Magari yaliwapita, na kila moja lilipopita liliwakatia upepo kidogo halafu likawarudishia wote kwa mpigo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Fenna jioni ile ilikuwa ndefu, tena haikuwa na mti.

Alishuka bila kupenda. Miguu ndiyo iliyoamua. Akaegemea baiskeli kando ya barabara, kifua kikipanda na kushuka, na hakuthubutu kusema neno lisije likatoka vipandevipande.

Tineke alishuka pia. Akatoa simu kumpigia mumewe.

"Nampigia Rob aje na gari. Atatuchukua."

"Ukimpigia, nimeshindwa."

"Mama, hujashindwa. Umechoka."

"Kwako ni kitu kimoja."

Tineke hakukana. Kidole chake kilikuwa juu ya kioo cha simu, na Fenna aliona nyumba yake yote imo humo, jiko, dirisha la mashariki, banda, njia ya matofali. Angeweza kunyamaza. Badala yake alijikuta anasema.

"Nilikudanganya. Sikuja huku kwa sababu ya samaki. Nilichagua upepo. Nilitaka unione nikienda kama nilivyokwenda asubuhi. Sikko alijua, ndiyo maana alinizomea."

"Kwa hiyo ule mwendo wote..."

"Ni upepo."

"Na mkono mfukoni?"

"Upepo."

"Na miguu yangu mimi?"

Fenna alimtazama binti yake kwa huruma. "Hasa miguu yako."

Tineke aliangua kicheko hadi akakaa kwenye nyasi za ukingoni. Alicheka peke yake kwa muda, kofia ya koti ikimpigapiga kichwani, kisha akajifuta macho na kicheko kikamwisha ghafla.

"Sasa niambie kweli. Tunafika?"

Fenna aliitazama barabara, iliyonyooka hadi mwisho wa macho.

"Kwa hii, hapana. Hii ni barabara ya magari, haijali upepo unatoka wapi. Lakini tukirudi nyuma hadi kwenye lile ghala, kuna njia inashuka chini ya tuta la zamani. Tuta litatukinga. Kisha miti mirefu ya mipopla ya akina Dijkema. Kisha mfereji."

"Na mfereji tunauvukaje?"

"Utaona."

Tineke aliirudisha simu mfukoni, taratibu, kama mtu ambaye anaweza kuitoa tena.

Chini ya tuta kulikuwa kimya hata wakasikia minyororo yao. Njia ilipinda na kupindapinda, ikapita nyuma ya mazizi, ikapita katikati ya bustani ya mtu aliyewaambia "moi" bila kuinua kichwa kwenye kabichi zake. Haikuwa rahisi. Mara mbili Fenna alishuka akakokota, na mara moja ni Tineke aliyeomba wapumzike. Lakini kila walipofika pa wazi, Fenna alijua umbali wa ukuta unaofuata, ua unaofuata, mstari wa miti unaofuata. Alijua kwa sababu alishawahi kuchoka kila mahali pale.

Mfereji ulipotokea, palikuwa na kichanja cha chuma kinachoelea, na gurudumu, na mnyororo ulioingia majini. Kichanja kilikuwa upande wa pili. Fenna alionyesha gurudumu kwa kidevu, na Tineke akalizungusha hadi chombo kikaja chenyewe, kikitiririka maji ya kijani.

"Nimekulia hapa," Tineke alisema. "Sijawahi kukiona kitu hiki."

"Sisi pia hatukukiona. Tulikuwa na gari."

Waliingiza baiskeli, wakafunga kilango. Tineke akashika gurudumu la ndani na kuanza kuwavuta kwenda ng'ambo. Katikati ya maji aliongea bila kugeuka.

"Ile fleti ina lifti."

Fenna alishika usukani wa baiskeli yake.

"Baiskeli yako haiingii humo. Hata ukiisimamisha kwa tairi la nyuma."

"Umejuaje?"

"Nilikwenda na futi kamba. Juzi."

Mnyororo uliendelea kulia. Fenna aliutazama mgongo wa binti yake, mabega mapana ya Menno ndani ya koti jipya, yakipanda na kushuka na gurudumu. Juzi, kabla ya samaki, kabla ya uongo.

"Kama ulishajua, umekuja kufanya nini?"

"Kuona kama itakuuma kuiacha."

"Itaniuma, Tineke. Itaniua."

"Nimeona," Tineke alisema, na sauti yake haikuwa sawasawa. "Nimeona, mama."

Kichanja kiligonga ukingo. Mbele yao palibaki mashamba matupu, na mwisho wake mnara wa Ludewerd, mdogo wa kutosha kufunikwa na kidole gumba. Hakukuwa na tuta tena wala mti. Upepo haukuwa umepungua hata chembe, na jua lilikuwa limeshaingia kwenye mawingu ya chini. Tineke alishusha baiskeli ya mama yake kwanza, akaishikilia wima upepo usiiangushe, akangoja.

"Giza litatukuta njiani," Fenna alisema, akipanda.

"Una taa?"

"Ya dinamo."

"Basi tangulia."

Fenna akakanyaga. Taa ilifanya wekundu kidogo, ikazimika, ikawaka tena kadiri miguu ilivyoweza, na doa dogo la mwanga likatangulia mbele ya tairi, likitetemeka juu ya matofali.