Filta Isiyocheza

Biasha aliegesha pikipiki mbele ya duka la spea la Ramadhani pale Nangurukuru, akaifungua ubavuni na kuweka filta ya zamani mezani, bado inachuruzika oili. Injini ilikuwa imetoka kufanyiwa matengenezo makubwa. Ikifa tena, samaki anaowachukua mjini Masoko hawatafika Tingi, na wateja wake watamzoea mchuuzi mwingine.

Ramadhani akamletea mpya. "Hii inaingia kwenye pikipiki zote."

Biasha akazisimamisha bega kwa bega. Upana ulikuwa sawa, tundu sawa, ila mpya ilikuwa fupi kidogo.

"Wenzako wanaiwekea washa chini kuziba pengo, maisha yanaendelea," Ramadhani alisema. "Wewe unachagua filta kama mchumba!"

"Mchumba ningemchukua hata mfupi, kaka. Hebu njoo uiweke mwenyewe."

Ramadhani akatoka nje, akaitumbukiza kwenye nafasi yake na kuigusa kwa kidole. Ikacheza huku na huku.

"Oili itapita pembeni na uchafu wake," Biasha alisema taratibu.

Ramadhani akaigusa tena, akakuna kidevu, kisha akarudi ndani kupekua maboksi ya juu. Aliyorudi nayo ilikuwa na kimo cha ile ya zamani. Ilipoingia, haikucheza.

"Sasa ile fupi nimuuzie nani?"

"Mwenye pikipiki inayolingana nayo. Si mbovu, kaka, ila si yangu."

Biasha akafunga kifuniko, akakaza boliti, akamimina oili mpya na kuondoka kuwahi samaki.