Mtu Aliyekaa Puani Mwangu

Usiku wa kuamkia leo nimeota nimeipeleka pua yangu hospitali.

Haikuwa imenusa kitu tangu homa iliyonishika wiki mbili baada ya kumzika mume wangu, Kibwana. Nesi wa mapokezi akaiandikia cheti, kisha akaniangalia.

"Na wewe nani?"

"Mwenye pua."

"Mgonjwa ni pua. Wewe msindikizaji. Wasindikizaji wanakaa nje."

Pua ikashuka usoni, ikaingia ndani bila kuaga. Nikakaa kwenye benchi.

"Usilie hapa, mama," benchi likaniambia. "Mbao zangu zimeoza kwa machozi ya watu."

Ninaitwa. Daktari ni tochi iliyovaa koti jeupe. Anaimulika pua tundu la kushoto.

"Humu kuna mtu amekaa. Ingia umwone."

Ninaingia. Ndani ni chumba chetu cha kulala. Kibwana yuko sakafuni, amekonda, amekumbatia vitunguu, sabuni, mvua ya kwanza na kofia ya mjukuu wetu.

"Baba Hadiya, unafanya nini humu?"

"Nimeziba njia. Harufu mpya zikiingia, yangu itatoka."

"Juzi maharage yaliungua mpaka jiko likashika moto. Mjukuu wako alikuwa amelala palepale. Nilikuwa nimekaa naye, sikujua lolote. Hadiya haniachii tena mtoto."

Anaigeuza ile kofia mkononi.

"Alikohoa?"

"Alikohoa sana."

"Basi nitoe."

Daktari ananiletea fomu. "Akitoka harudi. Weka dole gumba."

Wino ni wa zambarau. Ninabonyeza.

Kibwana anaviweka vitu chini, kimoja kimoja. Shati alilovaa analifunga vifungo mpaka shingoni.

"Hili naondoka nalo."

"Niachie hata kola."

"Kola ya nini, mama Hadiya? Utakaa unainusa, mtoto anaungua."

Anapita kando yangu bila kunigusa. Tochi inazimika.

Nikaamka. Nikasikia harufu ya tangawizi kutoka jikoni, kali mpaka macho yakatoka machozi. Nikageukia upande wa Kibwana, nikauzamisha uso kwenye mto wake, nikavuta pumzi. Vumbi. Nikavuta tena. Vumbi tu.

Hadiya akasimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Mama, umeshika nini? Mbona kidole kina wino?"