Nywele Zilizopakwa Bluu

Rosine hasuki kwa maelezo ya mdomo. Ukiingia saluni kwake ukaanza, "nataka fupi kidogo, si fupi sana, kama za yule wa juzi," atakunyooshea kidole mlangoni uje kwangu, kibanda cha pili, nikuchapie ukurasa. Mpango huo ulizaliwa na ugomvi. Mabango ya mitindo aliyokuja nayo kutoka Ariwara, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, yalikuwa yamepauka, wanawake wote ukutani wamekuwa na rangi ya chai ya maziwa, na wateja walitoka pale na vichwa ambavyo hawakuviomba, wakaja kugombana mbele ya printa yangu. Mimi nimezoea kuwaandikia watu wa soko barua za malalamiko. Sikutaka kuanza kuandika za rasta.

Aliyetuokoa ni Kevina, binti wa kaka yangu. Anafundisha watoto wa chekechea huko Koboko, na Jumamosi huja hapa Arua kuchapa kurasa za anime, zile katuni za Kijapani zenye macho makubwa kama visahani. Ni mistari mitupu, rangi anaweka mtoto mwenyewe. Siku moja Rosine alikuja kuomba chenji, akaona ukurasa mmoja unatoka kwenye printa.

"Yaya! Huyu mutu iko na nywele mingi! Kichwa kidogo, nywele kama shamba inawaka. Nipe hii."

Tangu hapo, mteja wa Rosine huchukua ukurasa, huchagua penseli kwenye kopo, hupaka nywele anazozitaka: urefu, mafundo, rangi. Alichopaka ndicho anachosukwa. Ukurasa hubandikwa kwenye kioo na mjadala umekwisha. Kurasa zimekuwa nyingi mpaka kioo chenyewe kimebaki na nafasi ya pua tu.

Kevina akiwapo Jumamosi, benchi la wanaosubiri linageuka darasa.

"Usikandamize, mama. Rangi inaingia pole pole, tabaka juu ya tabaka. Ukikandamiza, karatasi inang'aa kama kiatu na haipokei kitu tena."

"Mimi nina haraka, mwalimu."

"Basi utapata nywele za haraka. Na penseli ifuate nywele zinakolala, kutoka utosini kwenda chini. Usiende mbele na nyuma kama unasugua sufuria. Weka karatasi nyingine chini ya kiganja, jasho lako linachafua shavu la mtoto wa watu."

Alikuwa na sheria zake na hakumwonea mtu haya. Anza na rangi nyepesi, ya giza ije mwisho. Jaribu kwanza pembeni, kwa sababu rangi iliyoko kwenye mti wa penseli si ile itakayoonekana. Macho yaache mpaka mwisho, na ndani yake acha kidoa cheupe, la sivyo mtu anakutazama kama samaki wa sokoni. Mimi mwenyewe alinigombeza.

"Anti Candiru, umeiweka printa ibane wino tena. Mistari ya kijivu, watoto wangu wanapotea njia."

"Wino unauzwa bei gani, unajua?"

"Na karatasi hii, Anti! Kalamu ya wino inatoboa mpaka mezani."

Hapo nilikubaliana naye, na nikaongeza yangu. Karatasi nyepesi kama ganda la kitunguu ndizo tunazoletewa huku, na betri zilizokufa, na dawa zinazokaribia tarehe ya kuisha, halafu tunaambiwa tushukuru kwamba zimefika. Kevina aliniacha niseme mpaka nipungue, kisha akanipa busu la shavu akaendelea kupaka. Hakuna mtu mwingine mjini hapa anayenizima hivyo.

Basi huyo ndiye aliyepata mchumba. Aliga ni kijana wa Ludara, anashughulikia forodha za malori kule Oraba, mpole, masikio yamesimama. Lori linapokwama mpakani kungoja mihuri, yeye huketi kivulini kwenye tairi na kupaka kurasa anazopelekewa na Kevina. Ana penseli moja tu, ya kijani. Kila msichana wa anime aliyepita Oraba amerudi kijani kuanzia nywele hadi viatu, na Kevina amezibandika zote juu ya kitanda chake. Nilipoziona nilijua kwamba hilo jambo si la mchezo.

Tatizo lilikuwa mama yake Aliga, Mama Poni. Kaka mkubwa wa Aliga alikwishachumbia, Mama Poni akaenda, akaketi, akamsikia binti akicheka kwa sauti huko jikoni, akasimama na watu wake wakarudi Ludara bila kuonja chai. Uchumba ukafia pale. Kuhusu Kevina alikuwa ameuliza jambo moja tu, tena kupitia kwa mwanawe: "Huyo mwalimu wa katuni, watoto atawalea au atawapaka rangi?"

Kevina alicheka alipoambiwa, lakini usiku ule hakula.

Siku moja kabla ya utambulisho, watu wa Aliga kuja kwetu kumposa rasmi, Kevina alifika kutoka Koboko amejaa vumbi hadi kope, akachukua ukurasa na kuketi kwenye benchi la Rosine. Alitaka nywele ambazo hata Mama Poni asingepata pa kuzishika: rasta nyembamba, nyeusi, za kufika mabegani, basi. Alipaka kwa uangalifu kuliko siku zote. Mimi sikuwapo, nilikuwa sokoni nikibishana na watu waliotaka kuwahamisha wauza mihogo kwa mara nyingine. Ukurasa ukabandikwa kwenye kioo, Rosine akaenda madukani kutafuta nywele za kuunganishia, umeme ukakatika kama kawaida yake, na aliporudi Kevina akaketi, Rosine akaanza. Saluni ile ina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Rosine hahitaji taa, vidole vyake vina macho. Kevina alilala usingizi huku kichwa kikivutwa.

Alipotoka nje jua lilikuwa kali. Nilikuwa nimesharudi, nimesimama mlangoni kwangu, na wa kwanza kusema alikuwa mwendesha boda aliyekuwa akipita.

"Sista! Umeme umerudi! Umerudi kichwani!"

Zilikuwa bluu. Kwenye giza la mle ndani zilikuwa nyeusi kama usiku, lakini juani ziliwaka bluu kama mwali wa jiko la gesi. Kevina alizishika, akazileta mbele ya macho yake, akapiga kelele iliyomtoa Rosine mbio na kitana mdomoni.

"Nini? Nimekuchoma?"

"Ni bluu!"

"Ndiyo, bluu. Bluu ya giza. Nimezunguka maduka tatu kutafuta ile yenyewe." Akaingia ndani, akarudi na ukurasa, akauinua juani. "Umepaka bluu, nimesuka bluu. Hii hapa."

Nilitazama. Nywele za yule msichana wa karatasi zilikuwa bluu iliyokolea, zambarau kidogo kwenye kingo, na ukanda mweupe umeachwa utosini.

"Hiyo ni nyeusi, Rosine! Ni nyeusi ya anime! Nywele nyeusi hazipakwi nyeusi, unapaka bluu ya giza na kuacha mwanga. Jicho linaona nyeusi lenyewe!"

"Jicho ya nani? Kopo iko na penseli nyeusi, nzima, hata hapana chongwa. Kama ulitaka nyeusi, kwa nini hukuishika?"

"Nyeusi inaua mistari!"

"Haya. Mistari imepona. Umekufa wewe."

Kisha akaona uso wa Kevina na kitana kikamponyoka. Rosine alimshika mikono pale pale barabarani, akasema atafumua zote, atasuka upya, hatalala. Lakini rasta zenyewe zilikuwa nyembamba kama nyuzi za kiatu, na ngozi ya kichwa cha mtoto ilikuwa imevimba, ukigusa, machozi. Wageni walikuwa wanatoka Ludara alfajiri. Tulikubaliana kufunga kitambaa.

"Na wewe, Anti," Kevina akaniambia, "kesho usipigane."

"Mimi napigana lini?"

Wakatazamana, yeye na Rosine, na kwa mara ya kwanza tangu atoke nje akatabasamu.

Sikupanga kupigana. Nilitayarisha tu maneno machache, kuhusu wanaume wanaosema watakavyo na wasichana wanaopimwa nywele na vicheko, na kuhusu nani aliwapa watu wa Ludara mizani hiyo.

Wageni walifika nyumbani kwa kaka yangu, chini ya Arua Hill, asubuhi jua likiwa limeshapanda. Mama Poni alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyomtarajia. Alibeba mkoba wake mwenyewe, akakataa kiti cha mto na kuchagua cha mbao. Aliga aliketi nyuma yake, masikio yamesimama zaidi. Mshenga wao alikuwa Lukumani, mdogo wa baba yake Aliga, mtu wa kupenda kusikika.

Wasichana wakatolewa kama desturi, ili wageni wamtaje wao. Kevina alikuja wa mwisho, kitenge cha manjano, kitambaa kimekazwa hadi kwenye nyusi. Akapiga magoti.

"Huyu ndiye wetu!" Lukumani akasema. "Lakini jamani, mbona amefungwa kama mzigo? Pale Oraba mzigo uliofungwa hivi haupiti. Unafunguliwa, unakaguliwa!"

Watu wakacheka. Aliga akasema, "Baba mdogo, acha."

"Niache nini? Tunaona uso, hatuoni kichwa. Labda ana pembe!"

Nilisimama. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kevina akainua macho akanitazama, na katika kunitazama huko mkono wake ukaenda kisogoni, ukafungua fundo.

Bluu ikamwagika mabegani mwake. Ndani, Rosine aliyekuwa akisaidia jikoni aliona kupitia dirishani, akaangusha mwiko, tukausikia.

"Eh," Lukumani akasema. "Hii sasa ni nini? Watu wazima tumetoka Ludara kuja kutazama katuni?"

Kevina alimgeukia Mama Poni. "Mama, nilitaka nyeusi. Nilipaka bluu kama tunavyopaka nyeusi kwenye karatasi, nikafikiri itaeleweka. Kosa ni langu, si la aliyenisuka."

Mama Poni akamwashiria asogee. Akachukua rasta moja, akaiviringisha kati ya vidole kama mtu anayepima uzi dukani. Niliwaona watu wao wawili wakianza kukusanya fimbo zao.

"Nani alisuka?"

Rosine akatoka, mikono ina unga.

"Wewe ni wa wapi?"

"Ariwara, mama."

"Ariwara." Mama Poni hakuiachia rasta. "Wakati ule wa kukimbia vita, nilikuwa upande ule wa Kongo. Wengi hapa mlikuwa."

Tulikuwa. Mimi nilivuka nikiwa mgongoni kwa mama, na hakuna aliyewahi kuja kutuambia pole. Hilo nililiongeza kwenye maneno yangu machache.

"Niliolewa huko, chini ya turubai," akasema. "Ilikuwa nywele zifungwe kwa uzi mweusi, na uzi haukuwapo. Mama mmoja wa kule, simjui hata jina, alichukua gunia la msaada, lile lenye mstari wa bluu pembeni. Akafumua mstari wote, uzi mmoja mmoja, akanifunga nao kichwa kizima. Nikatoka mbele ya watu na kichwa cha bluu. Mama mkwe wangu alisema hiyo ni aibu. Akakataa kula."

"Mpaka lini?" Kevina akauliza. Alisahau hata kuogopa.

"Mpaka nilipozaa." Mama Poni akageuka polepole kumtazama Lukumani, ambaye nadhani alikuwa akisikia hadithi hiyo ya mama yake mzazi kwa mara ya kwanza. "Alikonda sana. Mimi nimetoka Ludara alfajiri, na nina njaa. Leteni chakula."

Rosine alikimbilia jikoni akilia bila kujificha. Aliga aliinuka bila kuitwa na kwenda kubeba sufuria, mkwe mtarajiwa, mbele ya wazee wote, na hakuna aliyemkumbusha kwamba si desturi. Kila mtu alikuwa na kazi isipokuwa mimi, niliyebaki nimesimama na hotuba nzima na pa kuipeleka hakuna. Nikaona nisiipoteze. Nilimnawisha Lukumani mikono mwenyewe, na wakati maji yakimwagika nikampa nusu yake, taratibu, sikioni. Akala kimya.

Kevina bado alikuwa amepiga magoti pale pale. Mama Poni alimwinua, akamketisha ubavuni mwake, akamrudishia rasta ile begani na kuinyoosha ilale na wenzake.

"Kule Ludara wakiuliza," akamwambia, "sema mimi ndiye niliyechagua rangi."