Buba ya Beneba

Baragumu la kombe lililia mara tatu, jua bado, na watumwa wa shamba la Glen Orrin wakaanza kutoka vibandani. Beneba hakutoka. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Mbili za kabla yake zilimtoka akiwa kazini, akilisha miwa kinuni.

Alipoomba apumzishwe, Daktari Urquhart alimjibu, "Mimba si ugonjwa." Daktari ni yeye, shamba ni lake, miwa ni yake. Ndiyo maana hapa Jamaika, msimu wa mavuno ukifika, wagonjwa wake hupona upesi sana.

Basi siku mbili kabla, dada yake Juba, muuguzi wa shamba, alipasua korosho mbichi akampaka utomvu wa maganda yake miguuni na mikononi. Siku ya pili ngozi ilivimba, ikachubuka, ikatoa maji. Juba alikuwa ameosha vidonda vya buba miaka kumi na mmoja. Alijua vinapopenda kukaa.

Mwenye buba hakai na watu, maana vidonda vyake huambukiza kwa kuguswa. Hupelekwa kibanda cha mlimani mpaka apone, hata miezi minane, na hakuna Mzungu anayemsogelea.

Daktari alisimama mlangoni, leso puani.

"Ni buba, Juba?"

"Ni buba, Bwana Daktari. Kama una shaka, njoo umshike."

"Mshike wewe!" Akarudi nyuma hatua mbili.

Nyapara Quamina, mtumwa mwenzao, akaguna kuficha kicheko.

"Unacheka nini? Mbebe umpeleke mlimani."

"Mimi, bwana? Nikianza kujikuna, nani atawachapa hawa?"

"Atatembea," Juba alisema. "Miguu anayo."

Beneba alikuwa ameshainuka daktari aliposema, "Ngoja. Naandika kitabu juu ya buba, na zebaki nimeijaribu kwa mjamzito mmoja tu. Kidonge kimoja kila asubuhi. Utampelekea wewe, Juba, kisha uniambie mate yanamtokaje."

Juba aliijua zebaki. Mwaka jana ilimtoa mtumwa mwenzao Abba mate mchana kutwa, ikamng'oa meno, ikamtoa mtoto, ikammaliza na mwenyewe.

"Sawa, Bwana Daktari," alisema, akapokea kikopo.

Katikati ya mlima Beneba aligoma kwenda.

"Umenitoa kinuni, dada, ukanitia kwenye zebaki."

"Tembea, wewe."

"Atauliza habari za mate!"

"Nitamwambia yanajaa ndoo. Yule anaamini lolote, mradi asiguse."

"Na akigundua? Atakuua kwa viboko."

Juba alifungua kikopo, akamwaga vidonge vyote kwenye tope la njia, akavikanyaga mpaka havikuonekana. Kisha akamshika mdogo wake mabega, vidonda na yote.

"Nisikilize, Beneba. Hakuna kidonge chake kitakachopita mdomoni mwako. Na huyu mtoto nitamzalisha mimi, kwa mikono hii, akiwa hai. Nakuahidi."